Neno la Mama

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepunguza kuuma? Sisi wazima. Mjukuu wako ameota jino la pili, sasa hakuna kidole kilicho salama.

Mama, nimeharibu. Nilikata sare arobaini za shule bila kuloweka kitambaa. Zilipofuliwa mara moja tu zikanywea, sketi zikawa za wanasesere. Zote zimerudishwa, na mwalimu mkuu amenipa hadi mwisho wa mwezi huu, la sivyo kazi anampa fundi mwingine. Nina cherehani moja, na mtoto mgongoni. Naomba uje unisaidie kukata. Najua uliapa hutakanyaga kwangu tangu nilipohama chumba chako cha ushonaji.

Na najua utasema neno lako. Nikijidunga sindano: "Nilikwambia." Nikilowa mvua: "Nilikwambia." Hata baba alipoteleza kwenye ngazi, ulimfunga bandeji kwanza, ukampulizia goti, ndipo ukalisema, taratibu, kama unampaka dawa. Huku kwangu hakuna wa kuniambia hivyo, mama. Njoo ulisemee hapa.

Mwanao,
Kifungo

19 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Sijaona jibu, natumaini si ugonjwa. Nimeanza mwenyewe, kumi na nne tayari.

Jana nilimkataza mtoto asivute kopo la vifungo. Akalivuta, likamwangukia. Neno likanitoka kwa sauti yako kabisa, huku nampapasa kichwa natafuta nundu. Nikacheka, halafu nikalia. Miaka yote nilidhani unafurahia kushinda. Kumbe ulikuwa umeshtuka.

Mwanao

24 Machi

Kifungo wangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mpulizie mjukuu wangu hiyo nundu.

Sikunyamaza kwa hasira. Kila nikishika kalamu neno lile linatangulia, nami nachana karatasi. Kisha nikakumbuka siku uliyoondoka. Nilisema mbele ya majirani kwamba hutamaliza mwezi, utarudi unalia. Wewe ukajibu, "Mama, nitaweza." Huu mwaka wa pili, na shule nzima inakusubiri wewe.

Jumamosi nakuja na mkasi wangu mkubwa. Nikibisha, fungua, usinipokee mzigo kwanza. Nisimamishe hapo hapo mlangoni uniambie, "Nilikwambia." Safari hii neno ni lako, nami nataka kulisikia.

Mama yako