Nyuki Walioukataa Ukuta Wako

Mume wangu, Baba Salma,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye baraza yako hapa Kisauni, na nimekukasirikia. Sina mwingine wa kumwambia. Ulipokuwa hai nilikuwa nikianza kukasirika unanichekesha mpaka nasahau nilichokusudia kusema, kwa hivyo safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka kaskazi ile, kabla ya masika, mchanga ulipoanza kumwagika chini ya ukuta wa mbele? Nilikuwa nikiufagia asubuhi, adhuhuri naukuta tena, mwembamba, una chokaa ndani yake, umejikusanya vichuguu vichuguu. Juu yake, katikati ya matofali, palikuwa na vitundu vya kupenya penseli. Nikakwambia hii ni kazi ya mtu. Wala sikukuficha niliyemdhania. Ni Bwana Rajabu, msimamizi wa mwenye shamba, ambaye hakupita njia hii bila kuugonga ukuta wetu kwa bakora yake, kisha akatuulizia hali zetu kwa utamu uliozidi.

Nilikuwa na sababu. Nyumba ilikuwa yetu lakini ardhi ilikuwa ya tajiri wake, na sharti tulilolikuta kwa wazazi wetu lilikuwa lile lile: jengeni kwa udongo na chokaa, msitie saruji, maana mwenye saruji hatoki tena. Na nyumba ikianguka, kiwanja kinarudi kwa mwenyewe. Wewe ulikuwa ukifanya kazi kiwanda cha saruji Bamburi, ukirudi jioni na vumbi lake mpaka kwenye kope, na kwako huruhusiwi kutia hata kijiko. Siku zile watu hawakuwa na jingine la kuzungumza ila Uhuru, na mwambao huu utakuwa wa nani, na wenye mashamba walikuwa wameanza kuvizunguka viwanja vyao. Mtu akitaka tuondoke bila ya kututamkia, si atautoboa ukuta kidogo kidogo kisha angoje masika?

"Mamake Salma," ulinambia, "wewe utamshuku hata muadhini, kwamba kaadhini kabla ya wakati."

Nikajibanza nyuma ya dirisha kutwa nzima, mchuzi ukaungua. Rajabu hakuja. Waliokuja ni nyuki. Si wale wa asali, wala si manyigu, bali vijinyuki vya kahawia, kila kimoja na tundu lake, kinaingia kichwa mbele na kutoka kinyumenyume kikisukuma mchanga. Ulipofika nilikuonyesha, ukacheka mpaka ukakaa chini. Hata hivyo Rajabu sikumtoa moyoni. Nilisema amewajua nyuki zamani, akanyamaza kimya akingoja wamfanyie kazi yake.

Na kweli, baada ya siku chache akaja, akavichungulia vile vitundu, akasema kwa upole kwamba chokaa ni laini, nyuki wataimaliza, kwa nini tusitie saruji kidogo tu kwenye viungo, nani atajua. Ulimshukuru. Mimi niliona tunategwa, tena mchana kweupe.

Tuligombana kwa ajili ya hilo kuliko tulivyowahi kugombana kwa lolote. Ulisema ukuta hautavuka masika. Nikasema saruji ndiyo itakayotutoa hapa hata kabla ya mvua, na kwamba kama ni chokaa, chokaa mpya ipo. Ukaniangalia sana, kisha ukasema, "Haya."

Ndipo nilipovuka kwenda Likoni kumkalia Salma wetu uzazi wake wa kwanza. Niliporudi nilikuta ukuta umekwisha, viungo vyote vimekwanguliwa na kujazwa upya, umepakwa chokaa unang'aa. Nikaupitisha kidole, kikatoka cheupe. Ukaniuliza kama sasa nimeridhika, nikakujibu kwamba nimeridhika, na nilikuwa nimeridhika kweli. Masika yalipokuja ukuta ukasimama, nami nikajisifu kwa majirani jinsi chokaa yangu ilivyowashinda nyuki na Rajabu pamoja. Ulikuwa hapo hapo, ukinywa kahawa yako.

Mwaka uliofuata ukafariki, ukaniacha. Uhuru umekuja, bendera mpya imepandishwa, na wewe hukuiona. Nimekuwa mjane kwenye nyumba iliyo juu ya ardhi ya watu, sina kilichoandikwa, na sasa kila anayenisalimu kwa upole namuuliza moyoni anataka nini.

Kaskazi hii nyuki wamerudi. Wametoboa ukuta wa jikoni, wametoboa na wa uani, lakini wa mbele wameukataa. Wanatua, wanakwaruza, wanaondoka. Nikawatazama siku mbili tatu, roho haikutulia. Mwishowe nikachukua msumari nikakwaruza na mimi. Ikatoka nyeupe, kisha ikatoka kijivu. Rangi ile siwezi kuikosea, nimeifua kwenye nguo zako miaka yote.

Baba Salma, nilikusema peke yangu hapa barazani kama mwenda wazimu. Nimemshuku kila mtu Kisauni nikakuacha wewe. Kisha nikakumbuka vile vidole vyako vilivyokuwa vimepasuka niliporudi Likoni, ukaniambia ni chokaa, nikakupaka mafuta ya nazi. Hapo nililia.

Jana Rajabu amekuja, mara ya kwanza tangu matanga yako. Akanipa pole, akaugonga ukuta wa jikoni, akaja akaugonga wa mbele. Hata mimi niliisikia tofauti.

"Marehemu alikutengezea ukuta," akasema.

"Ni chokaa," nikamjibu.

"Naam. Chokaa," akasema, akaaga akaenda zake.

Sijalala vizuri tangu hapo. Labda ana huruma. Labda amekwenda moja kwa moja kwa tajiri wake. Labda nyinyi wawili mlipatana nyuma yangu, na huyo niliyekuwa nikimvizia nyuma ya dirisha ndiye aliyekusaidia kubeba mifuko. Hilo linaniuma kuliko yote, na siwezi kumuuliza, kwa sababu kama hamkupatana, nitakuwa nimejitoa mwenyewe kwenye nyumba yangu.

Lakini leo asubuhi nilitoka na ndoo ya chokaa nikapazibe pale nilipokwaruza, nikasimama mbele ya ukuta, mkono ukakataa. Ulinidanganya kwa sababu ulijua huenda ukanitangulia, na ulijua nitakavyoogopa. Nimepaacha kijivu. Atakayetumwa na tajiri, aje apaone, ajue kwamba mwenye nyumba hii alitaka mkewe abaki.

Mungu akupe kauli thabiti huko uliko.

Mkeo,
Mama Salma