Tumbo la Fundi Wangu

Jumatatu, 3 Juni

…na bado nasema sijaona mwanamume mzuri kama huyu, hata anapotimua mbio kwenda chooni na pini mdomoni! Leo miezi mitano ya ndoa. Fundi wangu kaniletea kitambaa cha waridi kilichobaki kwenye gauni la mteja, kanifunga nywele nacho. Mara tumbo lake likanguruma. Nikamuuliza, unasema na mimi au na nani? Tukacheka mpaka akakimbia tena.

Asubuhi kiuno inchi thelathini na mbili, jioni thelathini na tano! Anajipima mwenyewe, anaandika kwenye daftari la wateja: "Bwana Tumbo." Suruali zake zote kazitia mpira kiunoni. Wateja wanadhani ni fasheni. Wawili wametaka hivyo hivyo!

Jumatano, 5 Juni

Kliniki. Majibu safi, hakuna mdudu! Daktari kasema wale wadudu wa kuku aliyeliwa harusini waliondoka zamani, ila utumbo umebaki mwepesi wa kushtuka. Huwatokea baadhi ya watu baada ya kula chakula kibovu. Huchukua miezi, pengine zaidi, lakini hupungua. Maziwa na maharagwe aache kwanza, ale kidogo kidogo. Fundi kauliza, na mke je, naye amwache? Daktari kasema huyo ndiye dozi, mara tatu kwa siku. Aibu! Raha!

Jumamosi, 8 Juni

Nimempigia Mama. Yule kuku alimpika yeye, usiku wa kuamkia harusi, na kuku akalala nje ya friji. Wageni waliharisha siku mbili tatu, wakasahau. Mama hajasahau. Hajakanyaga kwetu hata siku moja.

Akauliza kama kawaida, mkwe wangu hajambo? Nikajibu kama kawaida, hajambo kabisa, anakula hata mawe! Kisha eti miguu inamsumbua, safari haiwezi. Na dada yangu kamwona juzi anacheza kwenye sherehe ya jirani!

Nimelia kidogo. Nataka aione nyumba yangu.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nimesimama! Nilikuwa naosha vyombo, Mama akapiga, fundi akapokea, akaweka spika. Hujambo, mwanangu? Mimi namkonyeza: sema hujambo! Yeye: "Mama, sijambo kidogo tu. Tumbo halijatulia tangu harusi. Leo nimekimbia mara nne."

Nilitamani ardhi inimeze. Mambo ya choo, kwa mkwewe!

Kisha Mama: "Afadhali umesema, baba. Huyu mke wako kila siku hajambo, hajambo. Nikajua mnanificha. Ningekutazama usoni vipi?"

Fundi: "Daktari kasema nitapona. Hasira sina, Mama. Njaa ninayo."

Mama akacheka! Kicheko chake chote, kile cha mpaka kukohoa!

Akataka kujua daktari kakataza nini. Nikachukua simu, nikamsomea, akarudia kila neno. Mchele je? Ruhusa. Kuku je? Hapo sauti ikawa ndogo. Fundi akanipokonya simu: "Kuku ndiye ninayemtaka."

Bado wanazungumza. Mama anasema kabla mwezi haujaisha atakuwa mlangoni kwetu, na jogoo mzima anayewika, achinjwe hapa hapa, apikwe, na yeye ndiye ataonja wa kwanza. Fundi anasema thubutu, wataonja pamoja. Mama anasema yeye kwanza. Hakuna anayetaka kukata simu, na mimi —