Sampuli Iliyogeuka Wino

Jumamosi, siku ya mwisho ya Novemba. Ukungu asubuhi, matope mpaka magotini, na mimi nina furaha isiyo na adabu.

Nasomea viumbe vya majini. Mwaka huu wote nachota maji ya bwawa letu hapa Heru Juu, mara moja kwa mwezi, nione jinsi mwani mdogo usioonekana kwa macho unavyobadilika toka kiangazi hadi masika. Mwalimu wangu wa chuo kashasema: ukikosa mwezi mmoja, unaanza upya.

Leo nilichota mapema, pale kwenye gogo nilipozoea. Nikarudi nyumbani kwa shangazi ninakoishi, nikadondoshea iodini ili mwani usioze. Chupa ikageuka nyeusi tii, kama wino.

Nilikaa chini kabisa.

Nikafikiri dawa imeharibika. Nikafikiri bwawa limetiwa sumu. Wingu la upande wa Nyakitonto lilikuwa limeshanuna, na mvua kubwa ikishuka hakuna mtu atakayekaribia bwawa tena leo. Nilikuwa karibu kulia, nasema kweli.

Shangazi akaja na ungo wake, akaniuliza nimechota wapi. Nikamwambia.

"Mwana wanje, mwanangu, si ndipo nilipoloweka muhogo wangu. Huku kwingine wanauiba. Nikasema hapo upo wewe msomi, nani atathubutu?"

Muhogo. Wanga! Kidato cha kwanza tulidondoshea iodini kwenye kipande cha muhogo, kikawa cheusi, tukapiga makofi. Leo nimeliona jambo lile lile nikadhani ni mwisho wa masomo yangu. Nilicheka mpaka shangazi akaniuliza kama nimekula.

Nikakimbia. Safari hii nilipanda juu ya tuta la bwawa, mbali na viroba vyake vya muhogo, nikachota huku matone ya kwanza yakinipiga kichwani. Nikatia iodini palepale. Maji yakawa na rangi ya chai ya rangi, kama inavyotakiwa.

Jioni hii nimeyaangalia kwenye hadubini ya kuazima. Agosti yalikuwa kijani kizito, nyuzi na mabonge, utadhani sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyochemka. Leo mabonge yale yametoweka karibu yote. Wameingia wageni: diatomu, vimwani vyenye ganda la kioo, vyembamba, vimetulia katikati ya udongo ulioletwa na mvua. Bwawa limebadilisha wenyeji wake, na wanaoteka maji pale hawana habari.

Shangazi naye akachungulia, jicho moja limefumbwa.

"Wazuri," akasema. "Na tunawanywa?"

Tunawachemsha kwanza, nikamwambia.

Mwaka wangu haujakatika. Kesho nitaingia majini kumsaidia shangazi kuutoa muhogo wake, maana inaonekana nimeajiriwa ulinzi tangu zamani bila kuambiwa. Je, chuo watakubali niiandike kazi hiyo kwenye wasifu wangu?