Basi Lililosimama Shubiri Moja Kando

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikukute mzima, na mama umfikishie zake. Je, goti lake limepata nafuu? Mimi afya ninayo, ila kazini hapakaliki, na leo sitaki kukupa habari za juu juu.

Lile bamba la sakafuni gerejini, linalochaji mabasi bila waya, unalijua. Uliegesha basi juu yake miaka miwili. Jumanne walikuja wageni kuliona. Meneja alikuwa amechora mistari ya chaki ili basi lisimame sawasawa juu ya koili, ule msokoto wa waya ulio ndani ya bamba unaorusha umeme. Nikaifuta kwa soli ya kiatu. Nikamwomba dereva wa zamu aegeshe kama siku zote, kana kwamba abiria wanamgombeza.

Akasimama shubiri moja kando. Nikawasomea wageni mita mbili, ya ukutani na ya kwenye basi: katika kila uniti mia za umeme zilizotoka, sabini tu ziliingia. Zilizobaki zilipasha sakafu moto bure. Meneja akaropoka kwamba dereva hajui kuegesha. Kaka, wimbo huo tunaujua.

Nikamwelekeza dereva yule yule kwenye bamba la pili, ambalo ndani yake nimesuka koili mbili zinazopandana kama vigae, basi likikosa moja lipate nyingine. Akaegesha upogo ule ule. Zikaingia tisini na moja! Sasa meneja anataka niandike kwamba kipimo cha kwanza nilikosea, la sivyo nifungashe virago. Nimemjibu kwamba kalamu ninayo, ila uongo umeniishia.

Umeniishia kwa sababu niliutumia wote kwako. Basi lako lilipozimika mlimani na abiria, ile ripoti iliyosema betri haikujaa kwa uzembe wa dereva niliiandika mimi. Mita nilikuwa nimeisoma, nikajua kosa ni la bamba. Niliogopa kupoteza kazi, nikakutoa wewe kafara. Naona haya, kaka, na siombi unisamehe leo.

Ripoti mpya, yenye vipimo vyote, nimeipeleka kwa wakurugenzi na kwa chama cha madereva. Nakala yako imo humu kwenye bahasha. Wanifukuze wakitaka, sifuti hata nukta.

Mwambie mama, kama bado hajaifanya sare yako dekio, aipige pasi. Nawe itazame vizuri sahihi yangu kwenye nakala hiyo. Ndiyo iliyokufukuza, na ndiyo niliyoitia kwenye ripoti mpya.

Ni mimi mdogo wako, kwa jina ulilonibandika mwenyewe,

Kichwa Ngumu