Kwa Zuhura, Nesi Aliyetutembeza Malishoni

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Namba yako ya zamani haipatikani, na pale zahanati wananiambia tu kwamba ulihamishiwa kusini, karibu na kwenu. Ndiyo maana nimeiandika iwe ya wazi. Jumamosi nitaisoma mbele ya kikundi, halafu aliye na simu nzuri ataipiga picha na kuituma kwa wenzake, na hao kwa wenzao. Wafanyakazi wa afya mnajuana. Itakufikia.

Nianze na siku ile ya kliniki ya presha na sukari. Ulikuwa na miezi michache tu hapa kwetu Gehandu, bado unavaa masweta mawili na kutuuliza kama baridi hii ina mwisho. Ulisimama mbele yetu ukasema, "Mama zangu, dawa peke yake haitoshi. Kila Jumamosi asubuhi tutembee pamoja, tuzunguke malisho yote, turudi." Watu walicheka. Sisi tunatembea kwenda shambani, kisimani, sokoni hadi Endasak, halafu mtu atoke pwani kuja kutufundisha kutembea.

Mama Agnesi, jirani yangu, mkubwa kuliko sisi wote, alikuambia, "Mwanangu, mimi natembea tangu nizaliwe."

Ukamwinamia. "Shikamoo mama. Umetembea na mzigo kichwani. Sasa njoo utembee bila mzigo."

Akajibu, "Marahaba. Nitakuja." Alikuwa wa kwanza kukubali.

Mimi nilikuwa wa pili, na leo nakuambia sababu. Sikuja kwa ajili ya presha. Nilikuja kukuchunguza.

Nilipokuwa msichana, kwetu upande wa Mbulu walikuja watu wawili wapole kama wewe. Walitusalimia vizuri, walikula kwetu, walitembea na baba yangu malishoni siku nzima wakimuuliza huku ni kwa nani na kule ni kwa nani. Baada ya miezi kadhaa tukakuta mawe yamepakwa rangi. Baada ya mwaka tukakuta uzio. Baba alisimama nje ya uzio na ng'ombe wake, akawa haongei. Hakuongea sana tena hadi alipofariki. Kwa hiyo nilipokuona, mgeni mwenye maneno matamu anayetaka kuzunguka malisho yetu yote kila wiki, nilisema moyoni, huyu namjua.

Lakini nisiseme uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Matembezi yale niliyapenda. Tulianza masika yakiisha, maharage yameshang'olewa, mahindi yanakaukia shambani. Majani ya malishoni yalikuwa yanaanza kugeuka rangi, kijani chini, njano juu. Umande ulitulowesha hadi magotini. Mlima Hanang ulikuwa unajifunika na kujifunua, na sisi watu kumi na kitu tunatembea kwenye uwanda usio na mti, sauti zetu zinakwenda mbali. Mama Agnesi alikuwa anatangulia, fimbo mkononi. Wewe ulikuwa unaogopa ng'ombe. Kundi likipita, ulikuwa unajificha nyuma yangu na kushika kitenge changu.

"Dada, huyu mweusi ananiangalia."

"Anaangalia majani, Zuhura."

Wenzetu walicheka, na mimi nilicheka. Ila usiku nilimwambia Baba Bura, "Mtu anayeogopa ng'ombe anatafuta nini malishoni?" Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Anatafuta afya zenu. Lala."

Sikulala. Nilianza kukusanya ushahidi. Ulimuuliza Mama Agnesi malisho yanaishia wapi, nikalikusanya hilo. Ulipiga picha nyanda na mifugo, ukasema unamtumia mama yako kwa sababu hajawahi kuona nchi ya namna hii, na hilo nikalikusanya. Kisha Jumamosi moja tulipopumzika ulinionyesha simu yako mwenyewe, kwa furaha. Palikuwa na ramani, na juu yake mstari wa bluu umezunguka malisho yetu yote.

"Nini hiki?" nilikuuliza.

"Ndiyo njia yetu, dada. Simu inachora tunapopita. Tazama tulivyokwenda mbali."

Nilisema, "Vizuri." Niliona uzio.

Kisha vikaja vijiti. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, na korongo lilikuwa limekula njia ya zamani upande wa magharibi. Ulisema ukungu wa baridi ukianza mtu hataliona, kwa hiyo utachomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu, tuvifuate tukipita pale, tuzunguke mbali na korongo. Ulivichomeka mwenyewe Ijumaa mchana baada ya kazi. Watu walisema asante. Mimi niliviangalia vimesimama kwa mstari, kimoja baada ya kingine, nikaona bikoni, alama za mipaka za mpima ardhi. Ukungu wenyewe ulikuwa haujaonekana hata siku moja.

Ijumaa iliyofuata nilitoka jioni kama mtu anayekwenda kuokota kuni. Niliving'oa vyote. Nilivifunga pamoja, nikavibeba kichwani hadi nyumbani, na kila niliyekutana naye njiani alinisalimia, akaniambia pole na kazi.

Asubuhi yake ukungu ulikuja.

Unaijua siku hiyo, lakini hujui ilivyokuwa upande wangu. Tulipoingia malishoni hatukuona hata miguu yetu. Wewe ulisema, "Msiwe na wasiwasi, tukifika upande ule tutaona vitambaa." Nilikuwa hatua mbili nyuma yako. Nilikuwa na nafasi ya kusema turudi. Lakini ningeulizwa kwa nini, na sikuwa na jibu ambalo halikuwa na mikono yangu ndani yake. Nilijiambia kwamba njia hii tunaijua sote, tumekulia kwenye ukungu. Ulitafuta kitambaa cha kwanza, hukukiona. Ukasimama, ukasema tusubiri. Mama Agnesi akasema, "Njia hii naijua mimi kuliko vijiti vyako," akatangulia.

Tulisikia mawe yakiteleza. Kisha sauti yake, ndogo sana, chini.

Wewe uliyekuwa unaogopa ng'ombe ndiye uliyeshuka korongoni wa kwanza, kwa makalio, sweta likichanika. Ulimfunga nyonga kwa kanga yako na fimbo yake. Mimi nilishuka baada yako nikamshika mkono, na aliushika wangu kwa nguvu mpaka vijana walipofika na machela. Wakati tunangoja ulipanda juu, ukainama chini ukipapasa ardhi. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua, na kutoka chini nilikuona pale ukingoni. Ulikuwa umepata matundu ya vijiti. Ulichukua udongo kidogo ukausaga kwa vidole, kama mtu anayepima ni wa lini. Uliposimama hukumwangalia mtu yeyote.

Sasa nafika kwenye jambo linaloninyima usingizi mpaka leo, misimu mitatu ya mavuno imepita.

Siku ya Jumanne ulikuja jikoni kwangu. Ulisema umetoka kumwona Mama Agnesi hospitalini na umeona upite unisalimie. Nilikuwa napika makande. Ulikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, ukaeleza kwamba mfupa utaunga lakini hatatembea tena kama zamani. Nilikuwa nakusikiliza huku naangalia motoni, kwa sababu katika kuni zile palikuwa na kijiti kimoja chenye uzi mwekundu ambao sikuuona nilipokuwa natoa vitambaa. Kilikuwa kimetokeza nje ya jiko, upande wako. Uzi ulikuwa unaonekana wazi.

Uliendelea kuongea. Na huku unaongea, ulinyoosha mkono, ukakisukuma kijiti ndani ya moto.

Mwanamke akikaa karibu na moto anasukuma kuni, hilo ni jambo la kawaida. Hata mgeni hufanya hivyo. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini ulikisukuma mpaka mwisho, mpaka uzi ukaungua, ndipo ukanywa chai yako.

Alhamisi palikuwa na mkutano wa kijiji. Watu walikuwa na hasira. Walisema umempeleka bibi mzee kwenye ukungu, walisema vijiti vyako havikuwepo, pengine hukuwahi kuvichomeka vizuri. Mwenyekiti alikupa nafasi ya kujieleza. Nilikuwa nimekaa safu ya pili na nilijua sasa utanitaja. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu.

Ulisema, "Kosa ni langu. Nilipaswa kukagua njia kwanza kabla ya kuwaongoza watu. Naomba radhi kwa mama na kwa familia yake."

Ukakaa. Matembezi yakasimamishwa. Baada ya muda si mrefu tukasikia umehamishwa. Uliniaga kwa kunishika mikono yote miwili ukasema, "Dada, msiache kutembea."

Unajua nilifikiri nini? Sikufikiri kwamba umenisamehe. Nilifikiri umeniwekea jambo, kwamba siku moja utarudi kulitumia. Moyo wangu ulikuwa umezoea njia hiyo moja. Nilisubiri wapima ardhi waje. Mwaka wa kwanza nilisubiri, na nakiri kwamba kuna asubuhi nilitamani waje, hata kama tungepoteza malisho, ili mradi ionekane nilikuwa na haki. Hawakuja. Ng'ombe wanalisha mpaka leo. Hakuna jiwe lililopakwa rangi.

Kikundi kilirudi chenyewe mwaka jana, watu wachache, kisha wengi. Mimi ndiye natangulia sasa. Tunapita mbele ya nyumba ya Mama Agnesi, amekaa mlangoni kwenye kiti, na sote tunasema shikamoo, na yeye anaitika kwa kila mmoja. Wiki mbili zilizopita alijiunga nasi mwalimu mpya. Tulipofika upande wa magharibi akaniuliza, "Mama Bura, nasikia kulikuwa na nesi aliyewapoteza watu hapa?"

Nikajisikia nikisema, "Ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa."

Nilikuwa nimenyamaza miaka yote. Ile ilikuwa mara ya kwanza kusema kwa mdomo wangu kwamba ni wewe. Nilitembea hatua kumi hivi, kisha nikakaa kwenye majani. Walidhani ni presha.

Siku hiyo hiyo mchana nilikwenda kwa Mama Agnesi. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia kwa baba yangu hadi kwenye mzigo wa kuni. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliangalia miguu yake.

"Ulinishika mkono kule korongoni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia kila mtu hivyo. Nilisema, Mama Bura hakuniachia mkono." Akageuza uso. "Nenda. Leo siwezi kukutazama."

Nilirudi kesho yake, nikakuta mlango umefungwa. Siku ya tatu ulikuwa wazi, lakini alikuwa amegeuzia kiti ndani. Nilikaa kwenye ngazi nikamchambulia maharage, nikaondoka. Naendelea kwenda. Juzi aliniambia maharage yangu yana mawe, nikachambua upya. Mpaka sasa hajasema neno lingine.

Mdogo wangu, nakukumbuka ulivyokuwa unashika kitenge changu ng'ombe wakipita. Mtu hajifichi nyuma ya mtu asiyemwamini. Wewe uliniamini, na mimi nilikuwa nahesabu maneno yako. Sikuombi uje, wala sikuombi unijibu. Nataka tu watu wa hapa wajue kwamba njia uliikagua, na vijiti ulivichomeka vizuri.

Lakini kama utapenda kunijibu, nijibu swali moja. Siku ile jikoni, ulijua? Nakaa kwenye kigoda kile kile, nanyoosha mkono kama ulivyonyoosha, na sipati jibu. Kama hukujua, basi umenijua leo, na unisamehe ukiweza. Na kama ulijua, basi ulikaa kwangu ukanywa chai yangu, ukasimama mbele ya kijiji kizima, ukabeba mzigo wangu hadi kusini, na mimi nilikusindikiza kituoni huku nikijiuliza unanipangia nini.

Ubaki salama huko uliko, na mama yako nampa shikamoo.

Ni mimi dada yako,
Mama Bura