Watani Wameniomboleza Ningali Hai

Masumbwe, msimu wa kuchuma pamba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na muhogo umekubali mwaka huu? Homa yangu imeisha, lakini hawa watu wataniua kwa maudhi.

Unajua kilichonileta: chuo kinataka kujua watu waliohamia huku kwenye dhahabu wanajiona wageni au wenyeji, na wakiugua wanauguzwa na nani. Kazi yenyewe ni kuuliza tu. Basi siku ya kwanza nikajitaja kuwa Mzaramo. Lo, nilijitakia. Wasukuma ni watani wetu, na mtani hana adabu. Nikimuuliza jirani yangu Masanja, mchimbaji, "Ukiugua nani anakuuguza?" ananijibu, "Wewe. Mtumwa wangu ana kazi gani nyingine?" Watu wanacheka, nami sina cha kuandika. Mkuu wangu chuoni anauliza kazi imefika wapi. Nimwambie nini?

Nilipougua ndipo walipozidi. Masanja na mkewe, Mama Kulwa, walikaa mlangoni kwangu wakaniomboleza. "Mzaramo kafa, tugawane mali!" Mama Kulwa akavaa koti langu, Masanja akabeba redio. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. "Ona, maiti inalia," wakasema. Kumbe walishaazima baiskeli. Wakanipakia, mmoja anasukuma, mwingine amenishika nisianguke, hadi zahanati.

Sasa barua yako imenikuta. Unasema kaka anakuja kunichukua kwa sababu huku sina ndugu, na nikifa hakuna wa kunizika. Mama, kule zahanati hawamlazi mgonjwa asiye na mtu wa kumpikia. Mganga akauliza ndugu yangu ni nani. Nikafumba macho, nikingoja mzaha.

"Mimi," Masanja akasema. "Nitampikia. Na akifa, nitamzika mimi."

Hakucheka hata kidogo. Tangu nifike namuuliza habari za ugonjwa na undugu, ananichezea. Mganga kauliza mara moja tu, kajibiwa. Nilimshukuru Mungu, na nilitamani kumpiga Masanja.

Kaka asijisumbue na treni. Nabaki.

Nisalimie shangazi muuza vitumbua, mjomba anayetuswalisha, na shemeji aliyejifungua juzi. Kaka mwambie asinune.

Ni mimi mwanao, mwenye hasira na afya njema,
Mwinshehe