Samaki Asiyekatwa

Lumban Sihol, Samosir
16 Machi 1986

Mwanangu Rotua,

Horas, mwanangu. Hujambo huko Makassar? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linataka kubembelezwa. Kaka yako Sahala na mkewe hawajambo, wajukuu hawajambo, nyati amezaa dume, na mpunga umeanza kuinamisha vichwa.

Jumapili iliyopita kwaya yetu ya akina mama ilialikwa kuimba ng'ambo ya ziwa. Wakati wa kurudi injini ya mashua ikazimika katikati ya maji. Wenzangu wakaanza kuimba wimbo wa mazishi. Nikawaambia, "Imbeni wa Pasaka, nyie, hatujafa bado!" Nikachukua mfuniko wa sufuria ya wali nikapiga nao kasia mpaka tukafika. Sahala alikuwa ananingoja gatini, amenuna. "Mama, una miaka sabini na minane." Nikamjibu kwamba najua, miaka yote nilikuwepo.

Tangu siku hiyo amerudia ile habari yake ya kunilisha. Si unajua tena: watoto wote wanakusanyika uwanjani, kila mmoja anamtilia mzazi tonge la samaki na wali kinywani, mzazi anawabariki, na kuanzia hapo ametua mzigo. Haendi tena kwenye harusi wala matanga ya watu. Anakaa kitini, watu ndio wanaomjia. Wote niliopata nao kipaimara wameshalishwa, wako vibarazani wanafukuza nzi. Nimemwambia Sahala nilizaa watoto saba, kwa hiyo nataka mikono saba. Sita iko karibu, wa saba uko Makassar unapima watu homa.

Miaka kumi na moja, Rotua. Tangu ile harusi ulipoondoka kabla nyama haijagawanywa. Kila sherehe ya ukoo fungu lako linatengwa, jina lako linatajwa, nami nanyoosha mkono nalipokea kwa niaba yako. Kisha nalila. Usidhani nalitupa.

Njoo, mwanangu.

Mama yako


Makassar
2 Mei 1986

Mama mpendwa,

Horas, na shikamoo yako. Barua yako niliisoma wodini, nikacheka mpaka mama mmoja aliyejifungua asubuhi akaniuliza kuna nini. Nilipofika kwenye mfuniko wa sufuria nikaacha kucheka. Mama, ukizama mimi nitafanya nini? Kikohozi kimekwisha. Nimekutumia sweta, livae kanisani, usimpe mtu.

Kuhusu kulishwa, kubali. Usiningoje mimi.

Najua unaikumbuka siku ile vizuri, lakini acha niseme, maana sijawahi kukuandikia. Baba Mdogo Marihot alishika kipaza sauti mbele ya watu mia tatu akasema, "Shemeji yangu amejaliwa kila kitu, ila kitinda mimba wake huyu asiyeolewa ndiye atakayemnyima ngoma siku ya kuzikwa." Watu wakacheka. Na kilichonichoma ni kwamba alisema kweli. Mzazi akiacha nyuma mtoto ambaye hajaoa au hajaolewa, haagwi kwa heshima yote. Wewe, ambaye umewasomesha nusu ya kijiji Biblia, utaagwa nusunusu kwa sababu yangu.

Nina miaka arobaini na miwili. Sitaolewa, na hilo halininyimi usingizi, kazi yangu naipenda. Ninayemwonea huruma ni wewe. Kila nikijiona nimesimama uwanjani pale na samaki mkononi, naona macho ya watu yanatuhesabu. Sita sawa, wa saba huyo.

Waambie wakulishe, Mama. Mimi nitakuombea huku.

Kitinda mimba wako,
Rotua


Lumban Sihol
10 Agosti 1986

Mwanangu Rotua,

Horas. U mzima? Mimi namshukuru Mungu. Sweta ni zuri, nimelivaa Jumapili tatu, mke wa mchungaji amelitamani waziwazi na nimejifanya sioni.

Kanisa letu limetimiza miaka themanini. Mchungaji akawasimulia watoto habari ya kengele, jinsi wakati wa vita nilivyoizika kwenye jaruba na kupanda mpunga juu yake miaka mitatu ili askari wasiichukue wakaiyeyushe. Mtoto mmoja akaniuliza kama niliogopa. Nikamwambia niliogopa sana, ndiyo maana nikapanda mpunga mwingi.

Sahala amekata shauri. Siku ya kunilisha ni Jumamosi, tarehe kumi na moja Oktoba. Nguruwe amenunuliwa, ndugu wamepelekewa habari. Mimi nimetikisa kichwa tu, kila mtu amekielewa anavyotaka.

Sasa hebu niambie, nyumba unayokaa imepakwa rangi gani? Iko karibu na soko au mbali? Na kutoka bandarini watu huja kwa gari gani? Nauliza tu. Mzee hukaa akawaza.

Mama yako


Makassar
14 Septemba 1986

Mama mpendwa,

Horas, shikamoo. Mimi mzima. Nafurahi kwamba umekubali, ingawa umenishangaza.

Nyumba ni ya kijani, ipo nyuma ya duka la unga, na kanisa tunalosali liko hatua chache. Kutoka bandarini ni baiskeli ya magurudumu matatu, robo saa hivi. Nina chumba kimoja na jiko dogo. Sasa ukiniwaza utaniona vizuri.

Oktoba sitaweza kuja. Nilitaka kuandika kwamba nimenyimwa likizo, lakini wewe huwa unaujua uongo wangu hata kwenye karatasi. Sijaiomba.

Nisamehe.

Kitinda mimba wako,
Rotua


Melini, tumetia nanga Surabaya
8 Oktoba 1986

Mwanangu Rotua,

Horas kutoka baharini! Hujambo? Mimi sijatapika hata mara moja. Kijana mmoja askari, jirani yangu wa kitanda, ametapika kwa niaba yetu sote, na mimi ndiye ninayemshikia limau puani.

Umeshaelewa. Nimetoroka.

Niliondoka Jumamosi na wanawake wanaouza vitunguu, nikavuka ziwa, nikapanda basi hadi bandari ya Belawan. Sahala nilimwambia nakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Kuimba nimeimba njiani kote, kwa hiyo si uongo mtupu. Na sikutaka ahangaike kunitafuta visimani, basi nikamwachia mchungaji kijikaratasi akisome kati ya matangazo ya Jumapili. Nasikia moyoni mwangu jinsi kilivyosomwa, baada ya tangazo la ndoa na kabla ya mchango wa paa: "Usharika umwombee bibi yetu, Ompu Togar, aliyeko safarini baharini kwenda kumwona binti yake." Maskini Sahala. Amekaa benchi la pili amevaa tai, na mialiko ya kunilisha imeshatoka, halafu anajua habari za mamake pamoja na usharika mzima. Nimemwombea tangu Jumapili hiyo bila kukoma.

Hii naitia posta hapa, lakini nadhani nitafika kabla yake. Ukiisoma nikiwa nimekaa mbele yako, usinisomee kwa sauti.

Mama yako


Makassar
7 Desemba 1986

Mama mpendwa,

Horas, shikamoo. Umefika salama? Goti linasemaje baada ya meli mbili na basi? Sahala ameanza kuzungumza nawe au bado anazungumza na ukuta? Chumba changu kimekuwa kikubwa tangu uondoke, sikipendi.

Nina jambo la kukuuliza. Leo nimefagia uvunguni mwa kitanda. Huko nyuma kabisa, nyuma ya sanduku, nimeikuta sufuria yangu kubwa imeviringishwa kwenye shuka.

Mama, unakumbuka ile Jumapili ya tatu? Nilikuwa nimeshaamua. Nilijisemea kwamba sherehe ya nyumbani imevunjika, Mama yuko hapa, basi nitamlisha mimi hapahapa, sisi wawili, bila kipaza sauti. Nikaamka mapema, nikapata samaki wa bwawani mnene, mwenye magamba yake yote. Nikapata hata ile pilipili yetu ya milimani, kwa mama mmoja wa kwetu. Kisha sufuria haikuonekana. Nikadhani jirani ameazima. Nawe umekaa pale kitandani unasoma zaburi, unaniambia, "Muuguzi mzima una kisufuria kimoja tu? Aibu gani hii!"

Nikamkata samaki vipande vitatu ili aenee kwenye kisufuria. Nilijua samaki wa kumlishia mzazi hakatwi, analetwa mzima, kichwa kimemwelekea mzazi. Lakini nilitaka sana, nikajiambia Mungu ataelewa. Ukaja, ukafunua, ukasema, "Aa, Rotua! Umemkata! Basi huyu ni wa kula tu." Ukamla wote, na kichwa ukanyonya. Mimi nililia jikoni nikidhani nimekosa bahati hata ya hilo.

Kwa nini, Mama?

Rotua


Lumban Sihol
22 Machi 1987

Mwanangu Rotua,

Horas. Hujambo, mwanangu? Umenyamaza tangu Desemba, nami nimenyamaza. Wewe ulikuwa na hasira, mimi nilikuwa kitandani.

Kwanza sufuria. Ni mimi. Nimewahi kuficha kengele ya kanisa nzima, sufuria ndiyo ingenishinda? Nilikuona ulivyorudi sokoni na samaki yule, macho yamekuwiva, nikajua unachotaka. Nimetubu, lakini ningerudishwa siku ile ningeificha tena. Sikutaka kulishwa chumbani, mlango umefungwa, kana kwamba mimi na wewe tumeiba. Ungenilisha pale, ungeona umemaliza deni la mtoto kwa mzazi, na kijijini usingerudi tena mpaka unazikwa. Nataka unilishe uwanjani, mbele ya wale wote waliokucheka. Ndiyo sababu nimewakimbia ndugu zako miaka hii yote. Wanadhani napenda kutangatanga. Napenda, lakini siyo hiyo.

Pili, nilianguka Januari kwenye ngazi za kanisa. Sikuvunjika. Ila daktari aliusikiliza moyo wangu muda mrefu kuliko ninavyopenda, kisha akazungumza na Sahala badala ya kuzungumza na mimi. Sasa natembea na fimbo. Meli sitaipanda tena, Rotua. Mimi nimekuja kwako mara moja, sasa ni zamu yako.

Tatu, ngoma. Nilimwita Baba Mdogo wako Marihot. Nikamwambia siku nitakayokufa mfanye mjuavyo, sitakuwepo kuhesabu. Lakini siku ya kulishwa ngoma ipigwe na nicheze mwenyewe, kwa miguu yangu. Akasema, "Mzee wa kulishwa hukaa kitini, shemeji." Nikamwambia, "Nitakaa nikichoka." Kisha nikamkumbusha maneno yake ya kwenye kipaza sauti. Alisema hakujua kwamba ulisikia hadi ukalia. Wanaume hawa! Watu mia tatu wamesikia, wewe usisikie?

Siku ni Jumamosi, tarehe nne Julai. Samaki yuko bwawani kwa Sahala, nampa pumba kwa mkono wangu, tunajuana sasa.

Usinijibu. Najua barua zako, huanza kwa shikamoo na kuishia kwa nisamehe. Safari hii ukiniandikia nitajua huji, sitaifungua hata bahasha. Usipoandika, nitamwambia Sahala aoshe sufuria.

Mama yako


Jikoni
Jumapili asubuhi, 5 Julai 1987

Kitinda mimba wangu,

Horas. Hali yako sikuulizi, nimeshakuchungulia. Unakoroma kama marehemu baba yako.

Ukiamka utakikuta kiti changu kitupu. Usipige kelele. Wanakwaya wamenipitia, tunakwenda kuimba ng'ambo. Sahala akisema nimelishwa na natakiwa kutulia, mwambie nimekatazwa harusi na matanga, kanisa halikutajwa. Fimbo nimechukua. Mfuniko nimechukua pia.

Miezi mitatu nilikuwa namtazama mtu wa posta kwa hofu. Kila akipita bila kusimama, nilimbariki. Sijapata kufurahia kutoandikiwa kama mwaka huu.

Jana ulifinyanga tonge kubwa mno, wali ukaniingia shingoni. Nilikung'ata kidole makusudi ili ucheke, maana ungeanza kulia na mimi ningekufuata, na samaki mzuri vile angepoa. Ndugu zako walinilisha vizuri, nawapenda wote. Lakini tonge lako ndilo nililokuwa nalo njaa.

Nilicheza nyimbo tatu. Ya nne moyo uliniambia kaa, nikakaa. Nilitaka unione. Siku ikifika, wazee wakikaa wakabishana nipewe heshima ipi, wewe nenda zako jikoni ukanywe chai. Ngoma yangu nimeshaicheza na ulikuwepo.

Halafu Baba Mdogo wako akashika kipaza sauti kugawa nyama. Alipolitaja jina lako nikanyoosha mkono kwa mazoea. Nikakuona umesimama, unapita katikati ya watu wote wale, unakwenda kulipokea fungu lako mwenyewe. Nikaurudisha mkono wangu nikauweka magotini. Sikujua niuweke wapi pengine.

Uliliacha mezani ukalala kwa uchovu. Nimelitia kwenye sufuria kubwa na kulifunika kwa sahani. Fungu ni lako, mwanangu. Sijaligusa.

Mama yako